Joto Lililoondolewa

Kituo cha mafuta kilifurika asubuhi hiyo. Gari la Muuguzi likazima katikati ya foleni, honi zikamwandama kama nyuki. Lilikuwa gari la marehemu baba yake: kuukuu, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, boneti ndefu kama jeneza. Mwanamume mwenye ovaroli ya buluu akaja kusaidia.

"Dada, gari hili limekuzidi umri, ndiyo maana linakuringia."

"Sukuma kwanza, maneno baadaye," akajibu, lakini alicheka.

Wakapendana. Kila jioni simu. Yeye alimwita Fundi wangu, naye akamwita Bibie wa Silinda Sita. Siku ya kuzaliwa ya Muuguzi, Fundi alitoa chuma kizito cha zamani kilichobeba moshi wa injini, akafunga ekzosi mpya zinazong'aa. Gari likanguruma hadi mama yake Muuguzi, ambaye hasifu ovyo, akasifu.

Kisha baridi ikaingia. Alfajiri moja Muuguzi akienda zamu, dakika kumi kutoka nyumbani, gari likazima juu ya kivuko cha reli. Akawasha, likakohoa, likafa. Reli zikaanza kuvuma chini ya magurudumu. Mara ya tatu likajikokota, na treni ikapita nyuma yake kwa upepo uliotikisa vioo.

Kwenye simu Fundi alisema ni petroli chafu. Wiki hiyohiyo likazima tena, palepale.

"Mwanangu," mama akamwambia aliposikia habari ya petroli, "mwanamume asiyeweza kusema nimekosea atakuzika."

Siku nne Muuguzi hakupokea simu. Ya tano, Fundi akasimama mlangoni na mipira ya maji begani, macho chini.

"Petroli haina kosa. Kile chuma nilichotoa ndicho kilichopasha moto bomba linaloingiza hewa na petroli. Sasa kukiwa na baridi kabureta, inayochanganya hewa na petroli, inaganda barafu na injini inazima."

"Ulijua lini?"

"Uliponipigia mara ya kwanza."

"Ukaniacha nipite pale tena."

"Nilitaka nilirekebishe kimyakimya. Niliogopa utaniacha."

Muuguzi hakumkaribisha ndani. Akiwa na sweta la baba yake, mikono kifuani, alimtazama akiyapitisha maji ya moto kutoka kwenye injini hadi chini ya lile bomba. Mchana, injini ikiunguruma, Fundi akamwomba aguse bomba. Lilikuwa la moto kama paji la uso la mgonjwa wa homa.

Fundi akaomba msamaha. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa amepanga kumwomba aolewe naye.

"Kesho alfajiri utakaa kando yangu," Muuguzi akasema. "Upande treni inakotokea. Tukivuka, utaniuliza kama nitaolewa nawe."

Fundi alifika kabla ya jua, shati limepigwa pasi, kidevu kimenyolewa. Baridi ilikuwa imeweka ukungu kwenye vioo. Dakika ya kumi, reli. Injini ikashusha pumzi mara moja. Fundi akashika mlango, lakini hakuufungua.

Wakavuka. Mbali nyuma yao treni ikapiga honi.

"Uliza," Muuguzi akasema, macho barabarani.

Fundi akauachia mlango. Muuguzi akaachia gia, akaushika mkono wake. Ulikuwa barafu tupu. Hakuuachia mpaka ukapata moto, ndipo Fundi akauliza.