Vinasaba vya Nani?

Kila asubuhi pale Kamuli, Bibi Anatolia alikamua ng'ombe wake kando ya migomba. Alijaza kikombe, akampa mjukuu wake Ainebyona. Mtoto aliyanywa maziwa yakiwa bado na joto la ng'ombe.

"Mama, tuyachemshe kwanza," alisema Placidia, mama wa mtoto.

"Yakichemshwa yanabaki maji tu. Mwanangu Clavery nilimlea hivi hivi." Kisha alimvuta mjukuu sikio. "Masikio haya ni ya nani? Kwetu hayapo!"

Alikuwa anatania, lakini utani huo ulimchoma Placidia.

Kisha Ainebyona akaanza kuumwa. Homa ilipanda jioni, asubuhi ikashuka. Magoti yalimuuma mpaka akaacha kucheza. Zahanati walipima malaria, hawakuiona. Hospitali walipima tena, wakaotesha damu ili waone kama vijidudu vitakua. Hakuna kilichoonekana. Dawa hazikusaidia. Mtoto alikonda, na Placidia aliogopa kwamba atamzika.

Ndipo Dakta Privatus akawaita wazazi wote wawili.

"Tunaomba ruhusa tuchukue damu ya mtoto, ikapimwe vinasaba," alisema. "DNA."

Placidia alimgeukia mumewe. Clavery alitazama sakafu. Maskini, aliogopa ugonjwa tu, lakini mkewe aliona jambo jingine.

"Kumbe ndiyo mliyopanga na mama yako! Mtoto anakufa, ninyi mnatafuta baba yake?"

"Mimi sijasema neno!" Clavery alishtuka. Kisha shaka ikamwingia naye. "Mbona unaogopa hivyo? Kuna nini?"

Hapo mambo yakaharibika. Placidia alimfunga mtoto mgongoni.

"Hatoi damu. Naenda kwetu Nyakatuntu."

Daktari hakumzuia. Alimsogezea kiti.

"Mama Ainebyona, nimekosea. Neno vinasaba lina nasaba ndani yake, kwa hiyo mmesikia habari za ukoo. Sikueleza."

"Mnatafuta baba, au hamtafuti?"

"Hatutafuti. Tungemtafuta, tungechukua na damu ya mume wako. Nimemwomba damu?"

Placidia alifikiri. "Hujamwomba."

"Kila kiumbe kina vinasaba vyake. Mtu anavyo, mgomba unavyo, hata kijidudu kinavyo. Kijidudu kikiingia mwilini, vipande vya vinasaba vyake vinaweza kuonekana kwenye damu. Mashine inavisoma, nasi tunajua ni kijidudu gani."

"Mbona hamkufanya tangu mwanzo?" Clavery aliuliza, uso bado ameukunja.

"Homa nyingi tunazitambua kwa vipimo vya kawaida. Kwa kipimo hiki damu husafirishwa mbali, na majibu huchelewa. Tena kinaweza kukosea. Kinaweza kukosa kijidudu kilichopo, au kuonyesha kisicholeta ugonjwa. Lazima tulinganishe majibu na hali ya mgonjwa."

"Na ukoo hamtausoma kwa siri?" Placidia aliuliza.

"Hapana. Mnaturuhusu kutafuta vijidudu tu."

Placidia alikaa. "Haya, mtoeni damu. Lakini mimi nitasimama hapa hapa natazama."

Majibu yalipofika, Anatolia naye alikuwepo, shingo ameinyoosha.

"Tumeona vinasaba vya brusela," daktari alisema. "Ni kijidudu cha mifugo. Kinaleta homa ya kupanda na kushuka, na maumivu ya viungo, kama ya mtoto huyu. Tumerudia kwa kipimo kingine, kimekubali. Anakunywa maziwa mabichi?"

Placidia alimtazama mama mkwe wake.

"Mawe, mama yangu wee!" Anatolia alishika kichwa. "Waitu, daktari wetu, ni mimi. Mimi ndiye nimempa."

"Unampenda, bibi. Hukujua. Ugonjwa huu unatibika. Dawa ni za wiki nyingi, msiache hata akipata nafuu. Mwiteni mtaalamu wa mifugo ampime ng'ombe. Na maziwa yachemke."

Clavery alimwomba mkewe radhi palepale, mbele ya mama yake.

Sasa Ainebyona anakimbia tena migombani. Kila asubuhi Anatolia hubandika sufuria, husubiri maziwa yachemke vizuri, ndipo anajaza kikombe.

Juzi mtoto alipokea kikombe chake, akamchokoza bibi yake.

"Bibi, masikio haya ni ya nani?"

Anatolia alimkumbatia kwa nguvu mpaka maziwa yakamwagika.

"Ni yangu," alisema.