Kadi ya Njano Ndani ya Ukili

Kila alasiri akitoka shuleni, Mwaija aliteka maji, akaosha vyombo, kisha akaketi kusuka ukili pamoja na bibi yake, Bi Maryamu. Nyumba yao ilikuwa Sindeni, nyuma kidogo ya barabara iendayo Korogwe. Bi Maryamu alisuka majani ya ukindu yaliyotiwa rangi ya zambarau. Ukili ulirefuka siku hadi siku, ukazungushwa mviringo na kutundikwa kwenye msumari ukutani, kungoja siku ya kushonwa mkeka.

Lakini kwa wiki mbili zilizopita hakuna aliyezungumzia ukili. Nyumba nzima ilikuwa na neno moja mdomoni: meli.

Hafsa, dada mkubwa wa Mwaija aliyesomea upishi Tanga, alikuwa amepata kazi jikoni katika meli ya watalii. Si meli ya kwenda Pemba na kurudi. Hii ingeizunguka dunia nzima kwa siku mia moja na ishirini. Alhamisi asubuhi Hafsa angepanda basi Korogwe kwenda Dar es Salaam, kisha ndege mpaka Hispania, ambako meli ilikuwa ikimsubiri.

Begi jipya la magurudumu lilisimama katikati ya chumba kama mgeni rasmi. Mezani kulikuwa na pasi ya kusafiria, cheti cha daktari, viatu vyeusi visivyoteleza, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Bila kadi hiyo, Hafsa alieleza, hakuna kupanda meli. Majirani waliingia kuvitazama vitu vile kimoja kimoja. Hata viatu vilisifiwa.

Mwaija aliona wivu. Tuseme ukweli, ulikuwa wivu mtupu, wa kumfanya mtu ashindwe kumeza ugali. Darasa la sita lote hakuna aliyemfikia kwa jiografia. Alikuwa amechora ramani ya dunia kwa mkono wake, na mwalimu akaibandika ukutani darasani.

Jumatatu jioni Hafsa alikuwa akisoma ratiba ya safari. "Mwaija, hebu niambie, hii Panama iko Asia?"

"Iko Amerika, dada. Hapo ndipo meli zinapokatiza kutoka Atlantiki kwenda Pasifiki."

"Kumbe!" Hafsa akacheka. "Haya, nitaiona."

Nitaiona! Mwaija alirudia neno hilo moyoni mara kumi. Asiyejua Panama iliko ndiye anayekwenda, na anayejua atabaki Sindeni akisugua masufuria.

Jumanne mambo yakazidi. Bi Maryamu alitoa mkeka mdogo wa kusalia, mpya, wenye mistari ya zambarau. Mwaija aliutambua mara moja. Ukili wake aliusuka yeye mwenyewe likizo nzima, akiamini mkeka utakuwa wake.

"Huu ni wa dada yako," bibi alisema. "Asije akakosa pa kusalia huko baharini."

Wote walifurahi. Hakuna aliyemuuliza Mwaija.

Jioni hiyo, wakati watu wako nje wakiwasindikiza wageni, Mwaija alibaki peke yake na meza ile. Mkono ulitangulia, akili ikafuata baadaye. Aliichukua kadi ya njano, akaisokomeza katikati ya ukili uliotundikwa ukutani. "Namtia hofu tu," alijiambia. "Asubuhi nitairudisha."

Asubuhi alichelewa kuamka, akakimbilia shule.

Aliporudi, alimkuta Hafsa amepiga magoti, begi limemwagwa lote sakafuni. "Kadi yangu haionekani," alisema. "Kupata nyingine ni mpaka nirudi Tanga. Basi ni kesho, na ndege haimngoji mtu."

Mwaija alinyata mpaka ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Bibi, ule ukili uko wapi?"

"Mama Naitoi ameuchukua. Alileta maziwa asubuhi, nami nilikuwa nimemwahidi tangu mwezi uliopita. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, bibi."

Mama Naitoi alikuwa mfugaji wa Kimaasai, na boma lake lilikuwa mbali, ng'ambo ya mbuga. Kwa muda mrefu yeye na Bi Maryamu walibadilishana maziwa kwa ukili na mikeka.

Mama yake, kwa hasira, alikuwa akimgombeza Hafsa. "Kadi moja tu imekushinda kutunza! Jiko la meli nzima utaliweza?"

Hafsa aliinamisha kichwa. Mwaija alisikia raha kidogo, leo dada mkubwa ndiye anayesemwa. Raha hiyo haikudumu hata muda wa kumeza mate.

"Au kuna mtu kaichukua," mama aliendelea. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Ghafla Mwaija akakumbuka kuwa ana vyombo vya kuosha.

Baada ya sala ya alasiri, wageni walikusanyika kumwombea Hafsa dua ya safari. Hakuna aliyethubutu kuwarudisha. Dua ilipokwisha, ulifuata utaratibu wa siku zote: msafiri huomba radhi kwa kila mtu wa nyumbani, maana hajui kama atarudi awakute. Hafsa alianza kwa bibi, akaja kwa mama, kisha kwa Mjomba Sufiani. Kila mmoja alimjibu, "Nimekuwia radhi." Wote walijua kwamba bila kadi safari haipo, lakini Hafsa aliomba vile vile, machozi yakimtiririka.

Akafika kwa Mwaija. Akachuchumaa mbele yake.

"Mdogo wangu, kama kuna siku nilikukosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba radhi. Mkeka ule ulikuwa jasho lako. Nilijua, na sikusema kitu. Nisamehe."

Watu walingoja jibu. Ni maneno mawili tu. Atamsameheje mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea?

"Usiniombe mimi, dada," alisema, na kilio kikamponyoka. "Kadi niliificha mimi. Nilikuonea wivu. Niliitia ndani ya ukili, na ukili umekwenda kwa Mama Naitoi."

Mama aliinua mkono, lakini Bi Maryamu akaushika. "Mwache. Kwanza kadi. Sufiani, washa pikipiki. Na huyu akaiombe mwenyewe kwa mdomo wake."

Walimkuta Mama Naitoi ameinama mbele ya beseni la maji. Mwaija alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

"Shikamoo, Mama Naitoi! Ukili uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Huu hapa, nimeanza kuuloweka ulainike, nishone."

Mwaija alitumbukiza mikono yote miwili, akaufungua ukili. Nusu ilikuwa imelowa. Kadi ilikuwa palepale katikati, kona yake moja imenywa maji ya zambarau. Alieleza alichofanya bila kuficha neno, na Mama Naitoi akatikisa kichwa. "Ungechelewa kidogo tu, ningeuzamisha wote," alisema.

Nyumbani, Hafsa aliifungua kadi taratibu. Jina, namba na muhuri vilisomeka. Aliipiga picha, akamtumia msimamizi wa safari yake aliyeko Dar es Salaam. Walingoja, hakuna aliyekaa. Simu ikalia.

"Inafaa," Hafsa alisema, akaketi chini palepale.

Mwaija alipiga magoti. "Dada, sasa ni mimi ninayeomba radhi."

Hafsa aliitia kadi kwenye begi. "Umeniumiza, Mwaija. Nilidhani kila kitu kimekwisha." Kisha akamvuta karibu. "Nimekuwia radhi. Nawe?"

"Nimekuwia radhi, dada."

"Basi nisaidie. Mimi najua kukaanga vitunguu vya watu elfu, lakini nitakuwa wapi duniani, sijui. Kila bandari nitakutumia jina lake, nawe unieleze nilipo."

"Nami nilikosa," Bi Maryamu alisema. "Nilitoa jasho la mtu bila kumuuliza. Lakini wewe, mjukuu wangu, ulipoumia ungesema. Ulinyamaza, ukaulea wivu mpaka ukautuma mkono wako. Umeshika ukili tangu mdogo. Umewahi kuona ukili wako ukirefuka kwa sababu umeukata wa mwenzako?"

"Hapana, bibi."

"Hautarefuka kamwe. Wako hurefuka ukiketi ukausuka. Soma jiografia yako, iko siku na wewe tutakuombea dua ya safari. Na adhabu yako ni moja: utasuka ukili mwingine wa Mama Naitoi, kwa usumbufu uliomletea."

Asubuhi stendi ya Korogwe, Mwaija ndiye aliyelivuta begi la magurudumu mpaka kwenye basi. Jioni aliketi karibu na bibi yake, akachambua ukindu, akaanza upya. Ukili ulikuwa bado na urefu wa kidole simu ya mama ilipolia kwa ujumbe wa neno moja kutoka kwa Hafsa: "Dar." Mwaija alifuta mikono, akachukua penseli, akaweka alama ya kwanza kwenye ramani ya dunia katika daftari lake.