Majivu Hakunipiga Teke

Kila kifuku kilipoingia, Mwalimu Methusela aliipaka baiskeli yake mafuta ya nyonyo kwenye mnyororo, akaining'iniza kwenye boriti za tembe lake. Kwa miezi minne ya mvua hakuna aliyeigusa. Makorongo yalijaa maji, na njia ya Dodoma haikupitika kwa magurudumu. Ulikuwa wakati wa Wajerumani, miaka michache tu baada ya reli kufika Dodoma. Kijiji chetu kilikuwa na baiskeli hiyo moja, na aliyejua kuiendesha baada ya Mwalimu nilikuwa mimi, Yotham, mwenye miaka kumi na mitatu na majivuno ya mtu wa arobaini.

Kiangazi chote nilipeleka barua za misheni stesheni kila Ijumaa. Nikizikumbuka asubuhi zile, moyo bado hunichangamka: harufu ya udongo unaokauka, watoto wakinikimbilia nyuma, akina mama wakiacha kutwanga uwele ili wanitazame. Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini sikupata nyingine niliyoipenda kama ile.

Mwaka huo mvua zilipokwisha, Mwalimu aliishusha baiskeli siku ya Jumatatu.

"Yotham, leo nenda nayo kisimani urudi, basi," akaniambia. "Kesho utasogea mbele kidogo. Ijumaa utapeleka barua."

"Ndiyo, Mwalimu," nikajibu.

Kisimani nilimkuta Sila, tuliyesoma naye darasa moja. Alinitazama, akatabasamu. "Umeshasahau wewe. Miezi minne umeshika jembe tu."

Maneno hayo yalinichoma. Nilimpakia Sila nyuma, nikapanda naye kilima cha mawe, nikaambaa na njia mpaka tukauona moshi wa treni, na tukarudi jua linazama. Miguu haikuniuma hata kidogo. Moyoni nilimcheka Mwalimu na kisima chake.

Jumanne niliamka mapaja yamekaza. Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kulipia: sikuweza kuchuchumaa, na mlango wa tembe letu, ambao ni lazima uiname ili upite, ukawa adhabu. Mama aliniona nikijishika ukutani.

"Mwanangu, miguu ina nini?"

Nilijua nikisema kweli, Mwalimu atasikia kwamba nilimwasi, na Sila ndiye atakayefundishwa kuiendesha baiskeli. Uani alikuwa amesimama Majivu, ng'ombe wetu wa maziwa, akicheua bila habari.

"Majivu amenipiga teke, mama."

Niliona nimepata ujanja, maana ng'ombe hawezi kukana. Sikujua nimefanya nini mpaka jioni, baba aliporudi. Baba alikuwa akisafirisha chumvi kwa punda, na maneno yake yalikuwa machache. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, kisha akamtazama Loisi, mdogo wangu wa miaka miwili. Loisi alikuwa mwepesi wa kuugua, na maziwa ya Majivu ndiyo yaliyomweka hai.

"Ng'ombe mwenye teke hakai ua mmoja na mtoto mdogo," baba akasema. "Kesho alfajiri nampeleka Kibakwe kwa shemeji akamtunze."

"Na maziwa ya huyu?" mama akauliza.

"Tutaomba kwa majirani."

Mama alimpakata Loisi. Nilitaka kusema, lakini niliiona baiskeli machoni pangu, nikanyamaza. Niliona haya, na haya yenyewe ikazidi kunifunga mdomo.

Alfajiri baba alimfunga Majivu kamba kwenye pembe. Loisi alitoka na kibuyu chake kidogo, akasimama mahali anaposimama kila siku kungojea maziwa. Hapo sikuweza kuvumilia tena.

"Baba, Majivu hakunipiga teke," nikasema. Nikaeleza yote, kisima, Sila, kilima na moshi wa treni, huku machozi yakinitoka.

Baba aliketi juu ya gogo, kamba bado mkononi. "Punda wangu wakishapumzika kifuku kizima, safari ya kwanza huwa nawabebesha nini?"

"Mashogi matupu mgongoni, baba, bila chumvi."

"Na ya pili?"

"Nusu mzigo."

"Nani huwafunga mashogi hayo?"

"Mimi."

"Basi punda umewaonea huruma, miguu yako ukaitwisha Sila mzima." Mama akacheka, nami nikacheka nikilia. Kisha baba akaacha mzaha. "Mwili uliopumzika huanza polepole. Mapaja yatapona kwa siku mbili tatu, usiwe na hofu. Lakini maumivu ya paja yalikuwa yako peke yako, Yotham. Uongo wako ungemuumiza huyu mtoto, aliyekuwa hajui lolote. Ukikosea, sema kungali mapema, kosa likiwa bado dogo."

Mwalimu hakunichapa nilipomweleza. Barua za Ijumaa ile alizipeleka Sila kwa miguu, na mimi nilikwenda kisimani nikarudi, kesho yake mbele kidogo, kama nilivyoagizwa tangu mwanzo. Ijumaa ya pili Mwalimu alinikabidhi mfuko wa barua. Baadaye vita vilikuja, baiskeli ikachukuliwa na askari, na baba na mama sasa ni marehemu. Ningetoa mengi niione tena asubuhi moja tu ya uani kwetu.

Hasa ile ya Alhamisi niliyosema kweli. Baba alinipa kamba, akasema, "Mfungue. Na leo utamkama wewe." Kukama ni kuchuchumaa. Nilishuka polepole, mapaja yakiwaka moto, mkono mmoja nimejishikiza kwenye ubavu wa ng'ombe niliyemsingizia. Nilikama huku nikiuma meno mpaka kibuyu cha Loisi kikajaa. Muda wote huo Majivu alisimama kimya, hakuinua hata ukwato.