Kibali cha Nahodha

Fundi cherehani alimleta baba yake mlimani kwa sababu kifua cha mzee kilikuwa kibovu, na kule ziwani hakubaki mtu wa kumpikia. Mzee huyo watu walimwita Nahodha. Miaka arobaini aliendesha mashua za uvuvi. Sasa alikaa barazani akimtazama bintiye akishona sare za shule. Mtu aliyezoea kuamrisha wanaume kumi atamwamrisha nani, cherehani? Mwezi haujaisha akatangaza kwamba anarudi ziwani.

Binti aliingiwa na hofu. Alijua baba yake akirudi kule peke yake, na kifua kile, hatamwona tena akiwa hai.

Asubuhi moja mzee hakuonekana. Alirudi adhuhuri, viatu vimelowa, na trauti kumi na mmoja kwenye ndoo. Trauti ni samaki wa mito baridi ya mlimani, mwenye madoa mwilini. Nahodha alikuwa amechimba minyoo, akapanda msituni hadi mtoni, akavua. Siku hiyo alicheka, akapiga soga, akala akaongezwa. Binti alishukuru, akaona baba amepata dawa.

Furaha haikufika jioni. Jirani yao, dada mmoja askari wa hifadhi, alikuja kuchukua koti lake lililokuwa likitiwa zipu. Akaona ndoo. Alimwamkia mzee, akaketi, akauliza samaki wametoka wapi. Nahodha akamweleza yote, mpaka sifa za minyoo. Masikini, alikuwa anajichongea mwenyewe.

"Mzee wangu," askari alisema, "ule mto uko ndani ya hifadhi ya taifa. Kuvua kunaruhusiwa, ila kwa kibali. Na minyoo hairuhusiwi."

"Mnyoo una kosa gani?"

"Samaki anaumeza na ndoano mpaka tumboni. Ukimtoa ndoano, anakufa. Na hawa sita ni wadogo, walitakiwa kurudishwa majini wazima."

Nahodha alinuna. "Mwanangu, kwetu samaki akishaingia mashuani ni riziki. Anayerudisha riziki majini, kesho hatumpakii."

"Ziwa ni kubwa, mzee. Mto wetu unauvuka kwa hatua tano. Tukila watoto, mwakani nani atataga?"

Hakumgombeza. Alisema safari hii anamwonya tu, lakini akirudia atampeleka ofisini, kwani ujirani ni ujirani na kazi ni kazi. Alipoondoka, Nahodha alianza kukunja nguo zake. Kwa aibu ile, alisema, heri ziwani.

Binti alimwomba siku saba tu. Kesho yake alifunga kazi, akaenda kwenye lango la hifadhi. Huko aliambiwa kwamba mkazi wa karibu hupewa kibali cha msimu mzima kwa bei nafuu, akiwa na kitambulisho. Mwenye kibali huchukua samaki wanne kwa siku, si zaidi. Samaki aliye mfupi kuliko kipimo hurudishwa. Nyavu ni marufuku, na miezi ya kutaga mayai mto hufungwa. Chambo ni cha manyoya tu: ndoano iliyofungwa uzi na manyoya ili ifanane na nzi. Hilo halikumsumbua. Uzi alikuwa nao wa kila rangi, na jogoo wa jirani alipunguziwa mkia kidogo.

Binti alimkatia baba kibali, akamfungia ndoano, na Jumamosi askari aliongozana na Nahodha mtoni. Saa mbili nzima samaki waliwacheka. Kisha mmoja akanasa. Mzee akamweka kwenye kipimo. Alipungua vidole viwili.

Nahodha alibaki na samaki mkononi. Ilimuuma kweli.

"Lowesha mikono, mzee," askari alisema taratibu. "Usimbane. Mwelekeze kichwa kule maji yanakotoka, umsubiri apige mkia mwenyewe."

Mzee akafanya hivyo. Samaki alitulia kidogo, akapumua, akachomoka. Nahodha alimfuata kwa macho. Akasema, "Ana nguvu, mshenzi huyu." Kisha akatupa ndoano tena.

Baada ya wiki chache ofisi ya hifadhi ilianza kumwita awaongoze wageni wanaokuja kuvua, maana alijua kusoma maji, samaki wamejificha wapi, kuliko wengi. Wageni kumi wenye viatu vipya, na wote wanamsikiliza yeye! Kifua hakikupona, lakini manung'uniko yalipona.

Siku ya mwisho ya msimu alirudi nyumbani mapema.

"Umepata wangapi, baba?" binti aliuliza.

"Watano."

Binti akachungulia ndoo. Alikuwemo mmoja. "Na wengine?"

"Wanakua."

Mzee akaketi, akavua viatu, akauliza mto utafunguliwa tena mwezi gani. Binti akamtajia.

"Basi uniwahie kibali cha mwakani," alisema. "Nisije nikakikosa."

Binti aliinamia cherehani akaendelea kushona, machozi ya furaha yakimtoka, na mshono ukaenda kombo.