Kilima cha Ryoba na Miguu ya Matrida

Ilikuwa Jumatano, tarehe 4 Juni 2025. Asubuhi hiyo mjini Musoma mawingu yalikuwa mepesi, na upepo wa baridi ulivuma kutoka ziwani. Mtaa wa Kamunyonge ulikuwa umeamka zamani. Majirani walikuwa wakifagia, na harufu ya uji ilipita uani.

Ryoba alikaa barazani akinoa kisu chake. Ryoba ni fundi viatu. Kazi yake kubwa ni katambuga, zile ndara ngumu zinazokatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Wachungaji wa Mugeta na Butiama wanazipenda kwa sababu mwiba haupiti. Ryoba hakuwa na desturi ya kupima mguu wa mtu. Alitupa jicho mara moja, akakata, na kiatu kikamwenea mwenyewe.

Mkewe, Matrida, alitoka ndani na beseni tupu. Matrida ni muuza samaki. Kila asubuhi huteremka mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, hununua sato, kisha hupita nyumba kwa nyumba hadi mtaa wa Kitaji, beseni likiwa kichwani. Wateja humjua kwa sauti yake. "Sato wa leo, mama, bado anakuangalia," ndivyo huita, na watu hutoka wakicheka.

Lakini asubuhi hiyo alisimama mlangoni, akashika ukuta.

"Miguu tena, Mama Happy?" Ryoba aliuliza. Happyness ni mtoto wao wa kwanza.

"Ni hapa ndani, chini ya kifundo. Nikiamka inachoma. Nikifika Kitaji inakuwaga moto kabisa."

"Basi leo pumzika."

"Nikipumzika, samaki watajitembeza wenyewe?" Matrida alitabasamu. Kisha tabasamu likaisha. "Baba Happy, nimemwomba Mungu sana juu ya jambo hili. Naona mwezi huu ukiisha niache. Beseni nimpe jirani yetu Marieta."

Kisu kikasimama mkononi mwa Ryoba. Alimfahamu mke wake. Matrida akikaa ndani kutwa nzima hunyamaza, na akinyamaza nyumba yote hupoa. Ryoba aliona kama anaambiwa kwamba ile sauti itazimwa.

Matrida alinawa miguu, akapita kwenye saruji kavu. Ryoba akazitazama alama za maji. Akailowesha miguu yake mwenyewe, akakanyaga kando. Alama zake zilikuwa na pengo upande wa ndani, katikati ya kisigino na vidole. Alama za Matrida hazikuwa na pengo. Unyayo wote ulilala chini, bapa kama chapati.

"Nimeuona ugonjwa," Ryoba alisema. "Unyayo wako umelala. Nitauwekea kilima, uinuke."

Siku hiyo hakushika kazi ya mtu mwingine. Kipande cha tairi kimejipinda chenyewe. Mafundi hukilaza mgongo chini, kisha hukigonga kinyooke. Ryoba akafanya kinyume. Akakigeuza, mgongo ukatazama juu, katikati pakawa na kilima kizuri. Akapigilia soli nyingine chini, akafunga mikanda, akasugua kwa msasa. Alifurahi sana. Aliona amegundua jambo ambalo fundi mwingine hajalifikiria.

Matrida akavivaa. Alivivaa kwa sababu vilitoka kwenye mikono ya mumewe, tena siku ambayo aliacha kazi zote kwa ajili yake. Mumewe alipomuuliza, alisema, "Vinakaa." Hakusema vinakaaje.

Aliyesema ni Marieta, jirani yao muuza nyanya.

"We Mama Happy, mbona unatembea kama kuku aliyefungwa kamba?"

"Ni viatu vipya."

"Hivi ni viatu au adhabu? Nani kakufanyia hivi?"

"Baba Happy."

"Basi ni adhabu. Umemkosea nini?"

Ryoba aliyasikia yote kutoka barazani. Alikuja, akainama, akavua kiatu kimoja. Chini ya unyayo wa Matrida palikuwa pekundu, na lengelenge lilikuwa limeanza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi," Matrida alijibu.

Marieta hakucheka tena. "Shemeji, sikiliza. Kaka yangu alikuwaga na mguu wa hivyo hivyo. Pale Bunda kuna dada mmoja hospitali, anaitwa Stellah. Ni mtaalamu wa viatu tiba. Mpelekeeni hiyo miguu."

"Mimi nimevisha watu viatu tangu ujana wangu," Ryoba alisema. "Leo nikafundishwe kiatu?"

"Nani kasema ufundishwe?" Matrida alisema. "Tunapeleka miguu yangu. Wewe utanisindikiza."

Baada ya siku mbili walisali pamoja, wakaenda Bunda. Katambuga za kilima zilikuwa kwenye mfuko wa Ryoba. Alikuwa amekusudia zisitoke humo.

Stellah alikuwa mama wa makamo, mwenye macho ya uchangamfu. Hakuanza na viatu. Aliuliza maswali kwanza.

"Mama, una ganzi kwenye vidole? Kuna kidonda kisichopona? Una sukari?"

"Hapana. Ni hili lengelenge tu. Nililipata juzi."

"Tutalifunika, na usivae kinacholigusa mpaka lipone. Nauliza hayo kwa sababu mtu mwenye ganzi hasikii kiatu kinapomuumiza. Huyo anatakiwa aonwe na daktari kwanza."

Kisha akamwambia Matrida asimame, akamtazama kwa nyuma. "Baba, njoo uone. Visigino vinalalia upande gani?"

Ryoba akachuchumaa. "Vinalalia ndani."

"Sasa mama, inuka kwa vidole."

Matrida akainuka. Ryoba akashangaa. Pengo lililokosekana lilitokea palepale, upande wa ndani wa unyayo.

"Kumbe lipo," alisema.

"Lipo. Hilo tunaita tao la unyayo. La mama ni laini. Akikanyaga na mzigo kichwani, linalala, kisigino kinaanguka ndani, na mshipa wa hapa kwenye kifundo unavutwa kutwa nzima. Ndiyo maana unaungua. Ila wapo watu wengi wenye nyayo bapa na hawaumwi popote. Hao hawahitaji kiatu cha pekee. Na watoto wadogo karibu wote nyayo zao ziko hivyo, tao hujitokeza wakikua."

"Na tukiweka kilima?" Ryoba aliuliza, kana kwamba anamwulizia mtu mwingine.

"Kilima gani?"

Matrida akachukua mfuko, akazitoa katambuga. "Hiki hapa. Fundi ndiye huyu."

Stellah akazigeuza mkononi. Hakucheka. "Kazi hii ni safi. Na wazo lako lina ukweli ndani yake. Makosa ni matatu tu. Kilima kimepita unyayo mzima, kumbe tao liko upande wa ndani peke yake. Ni kigumu kama jiwe. Na kisigino umekiacha huru, bado kinaanguka."

"Kwa hiyo kisigino kwanza?"

"Kisigino kwanza. Kikalie mahali penye shimo kidogo, kama yai kwenye kijiko. Halafu tao liegemezwe kwa upande wa ndani, taratibu, lisisukumwe juu."

Stellah akachora unyayo mmoja, kisha wa pili. Hazikuwa sawa. Wa kushoto ulilala zaidi. Ryoba akatazama ile michoro miwili kwa muda mrefu. Miaka yote alikuwa akitazama mguu mmoja, akakata viatu viwili.

Wakaanza kupanga kiatu. Stellah alichagua sponji ngumu ya soli kwa ajili ya kuegemeza, na sponji laini ya kuweka juu yake. Alitaka kuunganisha vyote kwa gundi.

"Gundi haitakaa," Ryoba alisema. "Huyu anauza samaki. Maji ya beseni yanamwagikia miguuni kila saa. Tutoboe ubavuni, mkanda upite chini ya sponji, ushonwe na tairi."

"Na nyuma?"

"Nyuma nitaweka mkanda wa kushika kisigino. Tairi litakaa chini kabisa, limenyooka, pana kidogo upande wa ndani."

Stellah akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. "Hapo umenizidi. Tufanye hivyo."

Viatu vilipokamilika, baada ya siku kadhaa, walirudi Bunda, na lengelenge lilikuwa limepona. Matrida alivivaa, akatembea ukumbini kwenda na kurudi. Akasimama. "Ni kama kuna mtu ananishika kwa chini," alisema.

"Leo vaa muda mfupi tu," Stellah alionya. "Kesho uongeze. Miguu inahitaji kuzoea. Pakitokea pekundu pasipoondoka, rudi. Kila siku shika ukuta, inua visigino na kushusha polepole, upate nguvu. Na beseni lisijae kama zamani mpaka maumivu yaishe."

Haikuwa muujiza wa siku moja. Mwanzoni Matrida alifika nusu ya njia tu, na Marieta alimpokea beseni. Alifanya mazoezi ukutani huku akisali rozari. Maumivu ya asubuhi yakapungua, yakawa ya siku moja moja. Asubuhi moja Ryoba alisikia sauti kutoka barabara ya Kitaji: "Sato wa leo, mama, bado anakuangalia." Aliweka kisu chini, akamshukuru Mungu.

Jumamosi iliyofuata jumuiya yao ya Kikristo ya mtaani ilifanya sala nyumbani kwao. Baada ya sala watu hawakuondoka. Walivizunguka viatu vya Matrida.

"Shemeji, nami nikatie kama hivi," Marieta alisema, akanyoosha mguu.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Navipenda tu."

Watu wakacheka. Mzee Magige, aliyekuja kutoka Butiama kumsalimia dada yake, naye akavua kiatu. "Mimi ndiye mwenye shida, mura, kijana wangu. Nikatie hata leo. Huku mbele, vidoleni, sisikiagi kitu."

Zamani Ryoba angetupa jicho, akachukua kisu. Safari hii alipiga magoti, akashika mguu wa mzee, akautazama chini. Palikuwa na kidonda kidogo ambacho mwenyewe hakukijua. Ryoba akamrudishia kiatu chake taratibu.

"Baba, Jumatatu nitakupeleka hospitali mimi mwenyewe."

Akasimama. Jumuiya nzima ilikuwa ikimtazama, na Matrida alikuwa mbele yao, amesimama wima bila kushika ukuta.

"Ndugu zangu, mnisikie wote, na Mungu anisikie," Ryoba alisema. "Kuanzia leo, mtu mwenye maumivu ya mguu simkatii kiatu kabla sijamwona akisimama na kutembea, na kabla sijapima miguu yote miwili. Mwenye ganzi au kidonda, kisu changu hakimgusii tairi mpaka daktari amwone kwanza. Hilo naahidi mbele yenu."