Barafu Niliyoifurahia Ilimkata Mama Yangu Mguu

Nina miaka arobaini na minne. Ni mjane, fundi cherehani, naishi Kanyenye hapa Tabora na binti yangu Neema, aliye sekondari. Hii ni mara ya nne nakaa kuandika haya. Kila nikianza nainuka, nafagia mahali pasipo na uchafu, nachungulia nje, narudi... Siwezi kutulia. Nimeshayasema kwenye kitubio zaidi ya mara moja, padri akaniombea, nikatoka kanisani nikiwa na uzito ule ule. Labda nikiwaambia ninyi msionijua nitapata nafuu.

Mama yangu mzazi, Mayo kama tunavyoita mama sisi Wanyamwezi, alikuwa akiishi Kwihara kwa kaka yangu Paulo. Kisukari kilipomzidi, madaktari wakamwanzishia sindano za insulini, nikaenda kumchukua mwenyewe. Nilisema kwangu hospitali ni karibu, na friji ipo. Dawa ile lazima ikae kwenye ubaridi, na kule kijijini ingeharibika.

Miaka miwili tuliishi vizuri! Asubuhi Mayo alijidunga mwenyewe, akamaliza ananipungia mkono kama mtu aliyeshinda mchezo. Mchana alikaa barazani karibu na cherehani yangu, ananishonea vifungo. Wateja walimpenda kuliko walivyonipenda mimi.

Kisha friji ikafa. Ilikuwa friji ya zamani niliyonunua na marehemu mume wangu. Siku hiyo umeme ulikatika na kurudi mara nyingi, mara ya mwisho ukarudi kwa nguvu, tukasikia "tak!" na harufu ya waya kuungua. Fundi akaja, akafungua nyuma, akatikisa kichwa.

Muuguzi wa kliniki aliniambia nisihangaike. Akanielekeza niweke dawa kwenye chungu, kikae ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, pahali penye kivuli. Nikafanya hivyo, na sukari ya Mayo haikupanda hata kidogo. Lakini mimi niliona aibu. Jamani, mjini Kanyenye, nyumba ya bati na vigae, halafu dawa kwenye chungu? Nikaanza kutafuta friji nyingine.

Nilienda kwanza dukani kwa Bi Zuhura. Huyu ni mama wa Kiarabu, ukoo wao umefanya biashara Tabora tangu babu wa babu zake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, friji unataka kuweka nini ndani yake?"

Nikajibu, "Vitu vya nyumbani tu, bibi."

Vitu vya nyumbani! Kwa nini sikutaja dawa? Mpaka leo najiuliza. Nadhani niliogopa atanionea huruma.

Akanionyesha friji moja ndogo, nyeupe, mlango mmoja, haina urembo wowote. Akasema hiyo ni mpya, ina dhamana, ikisumbua naye yupo hapo hapo, hahami. Akaniambia ninunue pia kile kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka. Akafungua na kufunga mlango wake nisikie unavyobana. Mimi nikiangalia ile friji niliona ndogo, kama ya mtu anayeanza maisha. Nikasema nitarudi.

Jumapili ile ile shemeji yangu Elias alikuja kula. Elias ameoa mdogo wangu Veronika, na kila Jumapili baada ya misa walikula kwangu. Ni mtu wa biashara za huku na huku, ana pikapu ya bluu, mcheshi, na Mayo alimpenda kama mwanawe. Aliposikia natafuta friji aligonga meza.

"Dada, usinunue vya dukani! Ninayo moja imetoka Dar, mtumba wa Ulaya, milango miwili. Hiyo utazeeka nayo."

Aliileta siku ya tatu. Nyie! Rangi ya fedha inang'aa, ndefu kama kabati, na taa ndani. Bei yake ilikuwa chini ya ile ndogo ya Bi Zuhura. Na wiki iliyofuata jumuiya ilikuwa inasali kwangu. Nilishaona macho ya akina mama yakiitazama. Sikuuliza ilitoka kwa nani. Sikuita fundi aikague. Sikuomba hata karatasi. Ni shemeji yangu, angenidanganya kwa lipi?

Mayo peke yake alisema neno. Alikaa akaisikiliza, kisha akasema, "Hii mbona hainyamazi?"

Ni kweli, ile ya zamani ilikuwa ikinguruma, inapumzika, inanguruma tena. Hii ilinguruma bila kupumzika, asubuhi mpaka jioni. Nilimjibu kwamba vitu vya Ulaya vina nguvu. Chungu nikakitoa nje.

Baada ya siku chache nikafungua nikakuta maji ya kunywa yameganda, nyanya zimekuwa mawe, na kichupa cha insulini kimezungukwa na barafu. Ndugu zangu, nilifurahi! Nilimwita jirani aje aone friji inavyogandisha hata huku chini! Kichupa nikakishika kiganjani mpaka kikayeyuka, nikampa Mayo ajidunge. Ikawa ndiyo kawaida yetu. Umeme ukikatika kinayeyuka chenyewe, ukirudi kinaganda, nami nakiyeyusha kwa mkono wangu... kwa mkono wangu huu huu ninaoandikia!

Wiki ya tatu Mayo akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akawa anaenda chooni kila mara, nguo zikamlegea mabegani. Tukaenda kliniki, sukari ikakutwa juu sana. Muuguzi mmoja kijana, foleni ikiwa ndefu, akauliza haraka haraka kama bibi anakula vitamu. Mayo akasema hapana. Lakini akili yangu ilishakimbilia nyumbani, kwenye dumu la asali.

Kaka Paulo ana mizinga. Mwezi ule alikuwa ametuletea asali, nami niliiweka kabatini kwa ajili ya Neema. Nikarudi nikaangalia dumu, nikaona imepungua. Sikumuuliza Neema. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama yangu.

"Mayo, umekula asali."

"Magreti, sijaonja."

Alisema mara moja tu. Mimi nikasema mengi. Nikamwambia ananiua, namhangaikia kama mtoto naye anakula kwa siri. Nikafungia kabati kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni.

Sukari haikushuka. Basi nikazidi! Nilipekua mkoba wake. Niliinua godoro lake yeye akiwa amesimama pembeni ameshika ukuta. Nikapata nini? Rozari, na picha ya baba. Je, niliona aibu? Hapana. Nilijiambia anajua kuficha.

Na siku jumuiya ilipokuja tena, akina mama wakashangaa jinsi Mayo alivyokonda. Nikasema mbele ya wote, nikicheka, "Mwacheni huyu, ni mwizi wa asali." Wengine walicheka. Mayo aliinamisha kichwa, akaendelea kushika rozari yake. Tangu siku hiyo hakukaa tena barazani kunishonea vifungo. Alisema macho yamechoka.

Kitu kingine alikuwa nacho, na hakuniambia. Kandambili ilikuwa imemchubua mguu wa kushoto, kati ya vidole. Mgonjwa wa kisukari akipata kidonda wakati sukari iko juu, hakiponi. Aliogopa kunionyesha. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba alijua nitasema ni asali. Akakifunga kwa kitambaa, akashusha kitenge mpaka chini. Nilipoanza kusikia harufu nikadhani ni panya kafia darini, nikamtuma mtu apande kutafuta!

Jumamosi moja asubuhi Neema alipiga kelele kutoka bafuni. Bibi yake alikuwa chini, macho wazi, haongei. Pale sakafuni ndipo nilipouona mguu ule... Siwezi kuueleza. Nisameheni.

Hospitalini walimtundikia maji, wakamchoma dawa yao, na sukari ikaanza kushuka. Muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima, akanivuta pembeni. Alisema kitu kimoja kinamshangaza: kwa dawa yao kiasi kile kile sukari inashuka, iweje nyumbani isishuke?

Nikasema, "Sista, anakula asali kwa siri."

Akauliza, "Dawa mnaiweka wapi?"

"Kwenye friji."

"Imewahi kuganda?"

Nami, mjinga wa wajinga, nikajibu kwa fahari, "Friji yangu inagandisha vizuri sana!"

Yule mama aliweka kalamu chini. Akaniambia taratibu, kama anayemwambia mtu habari ya msiba, kwamba insulini ikishaganda hata mara moja imekwisha. Hata ikiyeyuka haina nguvu, ni ya kutupa. Akasema mama yako alikuwa anajidunga maji tu.

Mama yangu hakuonja asali! Nilipomuuliza Neema siku hiyo, alilia akasema ni yeye aliyekuwa akila na mkate kabla ya shule, kisha aliogopa kusema alipoona ninavyofoka. Ningemlaumu vipi? Asali niliiweka kwa ajili yake.

Siku ya tano Mayo alikatwa mguu chini ya goti.

Nilimtafuta fundi mwingine aje aitazame ile friji. Alikuwa mgeni Tabora, alihamia kutoka Nzega. Alipoivuta kutoka ukutani akasimama, akanitazama.

"Mama, hii friji naijua. Ilikuwa kwenye baa moja Nzega. Kile kidude cha kuipumzisha baridi ikitosha kilikufa, wakaunga waya moja kwa moja. Haijui kupumzika."

Akaniambia mnunuzi alipokuja, yeye alikuwepo, na alimweleza mbele ya mwenye baa kwamba friji hiyo inafaa samaki na barafu tu. Nikamuuliza mnunuzi alikuwaje. Akasema jamaa wa Tabora, mcheshi, mwenye pikapu ya bluu.

Kumbe haikutoka Dar wala Ulaya! Nilikwenda kwa Elias kwa miguu, siwezi hata kukumbuka barabara. Nilimkuta anaosha gari. Hakukataa. Alisema, "Dada, sikujua utaweka dawa humo. Ungeniambia."

Alikula mezani kwangu kila Jumapili miaka miwili! Kichupa kile alikiona kikitolewa kwenye friji, akamwona Mayo akijidunga, wakati mwingine akamtania asijichome mfupa. Hakujua? Veronika alisimama mlangoni akisikia yote, mtoto mgongoni. Alifunga mlango taratibu. Mpaka leo mimi na mdogo wangu tunasalimiana kama majirani.

Lakini nikimaliza kumlaani Elias nabaki na nani? Elias aliniuzia friji mbovu. Kumwita mama yangu mwizi nilimwita mwenyewe.

Mayo alipopata nafuu nilipiga magoti kando ya kitanda chake. Nilimweleza kuhusu barafu, kuhusu waya, kuhusu kila kitu, nikaomba msamaha nikilia mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alinishika kichwa, akasema amenisamehe. Kisha nikamuuliza kwa nini hakunibishia zaidi, kwa nini hakupiga hata kelele.

"Nilikwambia mara moja," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha kusema kweli. Nikwambie mara ngapi?"

Aliporuhusiwa alisema anarudi Kwihara kwa Paulo. Sikuweza kumzuia. Nilikwenda kwa Bi Zuhura, safari hii nikasema wazi: friji ya kuweka insulini. Akanipa ile ndogo nyeupe na kile kifaa cha umeme, akanionyesha rafu ya kuwekea dawa, mbali na sehemu ya kugandishia, akaniambia niweke kipimajoto ndani. Nikaipeleka Kwihara, kwa kuwa nyumba ya Paulo sasa ina umeme. Inafanya kazi vizuri. Sukari ya Mayo imetulia. Mwanamke wa miaka sabini na moja, mguu mmoja, sukari imetulia...

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukitafuta friji, sema kweli unachotaka kuweka humo, hata kama unaona haya. Ita fundi usiyemjua aikague kabla hujalipa, hata kama anayeuza mlinyonya ziwa moja. Isikilize ikinguruma, subiri uone kama inapumzika. Na kama nyumbani kuna mgonjwa wa insulini, dawa ikiganda itupe, usiiyeyushe! Mgonjwa akizidiwa, kagua dawa kwanza kabla hujapekua mkoba wake. Na akikwambia hajaonja, mwamini, kaa chini umtazame miguu.

Mimi kila Jumamosi nafunga cherehani nakwenda Kwihara. Nampima sukari, namwosha, namkata kucha za ule mguu uliobaki. Ananiuliza habari za Neema, ananishukuru. Lakini nikiingia tu, kabla sijakaa, mama yangu mzazi ananinyanyukia kwa magongo yake, ananivutia kiti kizuri kile cha wageni, na kuniambia, "Karibu, jisikie nyumbani."