Biira wa Toleo la Zamani

Jioni ile mama mkwe alinituma chumvi tu. Chumvi, basi. Binti yangu Masika alikuwa amelala mgongoni kwake, jua limeshashuka nyuma ya vilima vya upande wa Kongo, nikasema nakwenda na kurudi kabla maharage hayajaiva.

Lakini duka liko karibu na kibanda cha shemeji Jonan, kile cha fotokopi hapa Bwera, na nilijua wako ndani wanacheza. Nikapita. Naandika hivi na uso unaniwaka, maana mwanamke mwenye mtoto mdogo anatafuta nini kwenye mchezo wa vijana?

Ni mchezo wa kusimulia. Kila mmoja ana mtu wake aliyemtunga mwenyewe. Jonan anaongoza hadithi, anasema mko msituni, kuna kitu kinakuja, unafanya nini? Unajibu, unarusha dadu, dadu inaamua. Baada ya kujifungua Masika nilitunga mtu mpya, msichana shujaa asiyeogopa chochote, nikampa jina Biira.

Hapo ndipo ujinga wangu. Sisi Wakonzo hatuchagui jina la mtoto, linakuja kwa zamu. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, utake usitake. Mimi nilikuwa nimesema sizai tena karibuni, jina limekaa bure, nikalichukua.

Sasa jioni ile kibandani kulikuwa na kelele. Jonan alikuwa ameshusha toleo jipya la mchezo kwenye mtandao, amelichapa, karatasi bado zina joto, na wachezaji wamegawanyika. Sylivia analisifu, ni jepesi, hesabu zimepungua. Sosthène, kijana wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge, alikasirika kabisa. Alisema waliotunga hili jipya hawajacheza la zamani hata siku moja. Zamani mtu wako akifa aliweza kuitwa akarudi. Katika jipya, amekufa amekufa. Na watu wa zamani hawavuki kuingia huku. Jonan akaamua: anayetaka jipya ammalize kwanza mtu wake wa zamani.

"Wewe Mama Masika hutaweza," akanichokoza. "Huyo unampenda kuliko kaka yangu."

"Biira amejitupa mtoni," nikasema. "Haya, nipe karatasi mpya."

Hata dadu sikurusha. Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Sosthène peke yake alikunja karatasi ya mtu wake, akaitia mfukoni, akatoka.

Njia ya nyumbani inapita kwenye mashamba ya kahawa, halafu inashuka karibu na mto Lhubiriha wa mpakani. Giza lilikuwa linaingia. Mvua haikunyesha siku ile, nakumbuka vumbi kwenye vidole vyangu vya miguu.

Nikasikia hatua nyuma yangu.

Chap... chap... chap...

Miguu mitupu. Iliyolowa.

Nikasimama, ikasimama. Nikatembea, ikatembea. Halafu harufu... tope la mto, na ndani ya tope ile harufu ya utosi wa mtoto mchanga. Mama yeyote anaijua.

"Mama..."

Sikugeuka.

"Mama... mule mu muchezo mupya, mimi niko na nafasi?"

Nilitaka kusema ulikuwa mchezo tu. Mkono ukanizunguka kutoka nyuma, mdogo, wa baridi, ukanipapasa tumbo polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Ukatulia hapo.

Halafu nikasikia vyura tu.

Nyumbani mama mkwe aliniangalia gauni. Tumboni palikuwa na maji, kiganja kizima na vidole vyake. Akauliza nimemwagikiwa na nini, nikasema nilikunywa bombani vibaya. Chumvi nilikuwa nimeisahau. Tulikula maharage hivyo hivyo na hakuna aliyeninung'unikia, afadhali wangenigombeza.

Haikupita muda, nesi akaniambia nina mimba. Nikafikiria nyuma, nikaona kwamba jioni ile ilikuwa tayari imo. Nilikuwa nimemtupa mtoni huku nimembeba.

Nilimwambia Jonan. Alisema watu wanavuka Lhubiriha kwa miguu kila jioni wakikwepa forodha, huenda msichana mmoja aliogopa giza akanifuata. Huenda. Lakini alisema hayo akiangalia mashine yake ya fotokopi. Nikamwomba amrudishe Biira. Akasema kanuni mpya hairuhusu, na karatasi za zamani zilishawasha jiko la mama.

Nikamfuata Sosthène sokoni Mpondwe, maana yeye na wenzake wa ng'ambo bado wanacheza la zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kitenge mkononi.

"Anaweza kurudia," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kanuni unaijua. Mwenye kumuita aseme mbele ya batu bote ya meza sababu gani alikufa. Na kwako wewe, Mama Masika, meza ni nyumba yako. Mama mukwe naye."

Jumapili baada ya kanisa wote walikuwepo. Yosamu mume wangu alikuwa amerudi kutoka kiwanda cha saruji, mama mkwe amekaa mkekani, anashona kishuka cha mtoto. Nikasimama. Nikafungua mdomo.

Nikauliza nani anataka chai.

Niliona haya. Mwanamke anayeombea tumbo langu kila asubuhi, nimwambie jina la mjukuu wake nililiua kwa mchezo, tena huku nacheka, kwa sababu nilitaka karatasi mpya? Nikasema nitasema kesho. Kesho nikasema nitasema akizaliwa.

Alizaliwa msichana, mzima, hana kasoro. Mama mkwe alimpokea na kumwita jina lake papo hapo, kila mtu akafurahi.

Sasa anaketi mwenyewe bila kushikwa. Baba yake akimwita Biira, anageuka anacheka. Bibi yake akimwita, anatambaa mbio. Hata Jonan akimwita, anainua mikono abebwe.

Mimi nikimwita, anatulia. Anaacha alichokishika. Ananikazia macho bila kupepesa... kama mtu anayesubiri nimalize kusema.